UZI: Ile meseji ya "ukifungua hii video simu inadukuliwa ndani ya sekunde 10". Wana Tanga tusomeshane kabla hatujafowadi tena

Fundi_Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wa mjini hapa na nyie wa Muheza, Pangani, Korogwe, Lushoto na kwengineko. Wiki hii kila anayeingia steshenari kwetu, awe kaja kutoa kopi ya cheti awe kaja kupiga picha za pasipoti, akishamaliza shida yake anachomoa simu ananiuliza, fundi hii meseji ni ya kweli? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa nikimaliza nawatumia linki.

Meseji yenyewe mnaijua. Kuna video inakuja WhatsApp inahusu korona, inaitwa Argentina sijui inafanya hivi, usiifungue, inaingia kwenye simu kwa sekunde 10 na hakuna wa kuizuia, CNN wameshatangaza, mjulishe kila unayempenda. Sasa hiyo video haipo. Sio kwamba ipo ila haina madhara, haipo kabisa, kuna onyo tu linalozunguka tangu enzi za korona. Wengine walilipata nchi ikiwa India. 2023 Moroko walipopata tetemeko likageuzwa, safari hii ni picha za tetemeko sio video tena, ila sekunde zilezile 10. Na kabla ya korona, 2017, ilikuwa video inaitwa martinelli, polisi wa Hispania wakakanusha hadharani na bado mpaka leo kuna watu wananiletea martinelli.

Mie nina kipimo kimoja tu. Usianze kubishana kama ni kweli au uongo maana hapo mtakesha, angalia inakuomba ufanye nini. Onyo la kweli linakuambia ufanye kitu kwenye kifaa chako mwenyewe, apdeti hiki, zima kile, badilisha neno la siri, na linasema nani kasema, lini, na unaweza kulisoma wapi. Uzushi shida yake kubwa ni moja, wajulishe wengine. Ikate hiyo sentensi ya mwisho uone, meseji yote iliyobaki haina kazi. Yaani kirusi ni hiyo meseji yenyewe, na anayeinakili kwenda magrupu mengine sio programu, ni shangazi yako na kidole chake.

Hebu zisomeni tena taratibu. Tarehe hamna, utakuta "jana" au "leo asubuhi", na hiyo jana inafikisha miaka haijawa juzi. Kampuni kubwa imetajwa lakini linki hamna, CNN wametangaza, haya, lini, kipindi gani? Halafu ule utaalamu wa kutisha. 2006 ilizunguka moja kwenye imeili kuhusu mwenge wa Olimpiki, ati ukiufungua tu inaunguza disiki C yote na hakuna dawa. Sasa nyie jiulizeni, kama wakubwa wote wameshindwa kupata dawa huyu wa grupu la vikoba Makorora kajulia wapi?

Na wala sio mambo mapya. Good Times ilikuwa 1994 huko, wengi wenu humu hamjazaliwa, ilisema ukifungua imeili yenye kichwa hicho disiki inafutika na prosesa inaingia kwenye mzunguko usio na mwisho mpaka iharibike, ati FCC ya Marekani wametoa tahadhari. FCC ni watu wa masafa ya redio na simu, kama TCRA wetu, walikuwa hawana habari nayo.

Ila iliyonikuna kuliko zote ni ya kidubu, 2002. Hii mtu aliifikiria vizuri mno. Ilisema kuna kirusi kimejificha kwenye kompyuta yako, kinalala siku 14 ndipo kinaamka, antivairasi za Norton na McAfee hazikioni, nenda sehemu ya kutafuta mafaili andika jdbgmgr.exe, ukikuta faili lenye picha ya kidubu cha kijivu usilibofye, lifute, kisha kamwage na kapu la taka, halafu waandikie wote uliowahi kuwaandikia maana umeshawaambukiza. Mtu anatafuta, anakuta kidubu huyo hapo. Roho inamruka. Anafuta haraka haraka anaanza kuwaandikia watu wote. Na karibu kila aliyetafuta alikikuta! Kwa nini? Kwa sababu ni faili la Windows lenyewe, Microsoft ndio walioliweka, lilikuwa la kuwasaidia wanaotengeneza programu za Java. Antivairasi hazioni kitu kwa sababu hakuna cha kuona. Kila ulichoambiwa ukakikague ukikikagua ni kweli, faili lipo, dubu yupo, antivairasi kimya, ila ulichofikishwa kukiamini ni uongo. Mwaka mmoja nyuma yake, 2001, walifanya hivohivo na sulfnbk.exe ambalo kazi yake ni kurejesha majina marefu ya mafaili. Hapo hakuna programu iliyoandikwa, hakuna aliyedukuliwa, watu wamefuta mafaili ya mfumo kwa mikono yao wenyewe na wakawafundisha na jirani. Bahati yao mtumiaji wa kawaida hayo mafaili hayahitaji sana, kompyuta ziliendelea kuwaka.

Saivi mchezo umehamia kwenye brauza ya simu. Unatafuta nyimbo au matokeo ya Coastal, ghafla ukurasa unageuka mwekundu, simu inatetemeka, juu kuna nembo kama ya Google, ati simu yako ina virusi 13 na saa inahesabu kurudi chini. Kinachowatisha watu ni kuwa imetaja na aina ya simu sawasawa. Brauza yako ndio imewaambia, ukurasa unaoufungua unaweza kuiuliza brauza aina ya simu na toleo la Android nayo ikajibu, ni kawaida. Ukurasa wa intaneti hauna uwezo wa kupekua mafaili ya simu yako uhesabu virusi. Funga hiyo tabu basi. Ikiwa zinaendelea kuja hata hujafungua kitu, ujue kuna siku ulibonyeza kuruhusu arifa kwenye tovuti fulani, ingia setingi za Chrome, setingi za tovuti, arifa, ziondoe zote usizozijua. Usiinstoli "kisafishaji" wanachokupa. Hapo ndipo uzushi unapozaa kitu cha kweli.

Nawasilisha, karibuni.

Mkonge_Original

Uzi mzuri mkuu ila hapo kwenye video naomba nikukatalie kidogo. Watu watatoka hapa wanasema video haiwezi kubeba kirusi na hiyo sio kweli. 2015 Android ilikuwa na tundu, yaani kasoro ya usalama, linaitwa Stagefright, ulikuwa ukitumiwa video kwa MMS tu, zile meseji za picha na video, simu inaweza kuingiliwa hata hujaifungua. Na 2019 WhatsApp wenyewe walitangaza tundu kwenye mafaili ya video ya MP4.

Fundi_Ngamiani

Sahihi kabisa mkuu na nashukuru umelileta. Sijasema haiwezekani, nimesema hiyo ya Argentina haipo. Na hayo mawili uliyoyataja ndio mfano mzuri wa onyo la kweli linavyokuwa, yalitoka na namba zake za utambulisho zile za CVE, toleo gani limeathirika, toleo gani limerekebishwa, dawa kuapdeti. Hakuna mahali Google au WhatsApp waliposema tuma kwa watu 20. Halafu fikiria, mtu mwenye tundu la namna hiyo mkononi ana mali ya hela nyingi sana, alitumie kuua simu ya muuza vitumbua wa Mgandini halafu atangaze na jina la video kabla?

Mtu_wa_Sahare

Mie nitafowadi tu. Tahadhari haijawahi kumuua mtu. Ikiwa uongo sijapoteza kitu, ikiwa kweli nimeokoa ndugu zangu.

kahawa_chungu

Ndio nyie mnaomaliza bando za watu. Sheria ya makosa ya mtandao unaijua? Ya 2015, kifungu cha 16, ilivyopitishwa taarifa za uongo faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote viwili. Shauri yako yakhe.

Mtu_wa_Sahare

Sasa mkanifunge kwa kuwapenda ndugu zangu?

Fundi_Ngamiani

Msimtishe jamaa, kifungu hicho kinamhusu anayejua kuwa ni uongo na ana nia ya kupotosha, sio kila mtu mwenye kidole chepesi. Ila Sahare kusema hupotezi kitu, unapoteza. Kuna grupu moja la mtaa nilimo, maonyo yalikuwa yanashuka kila siku, leo video, kesho ombi la urafiki la Facebook ati ukilikubali tu unadukuliwa, kesho kutwa namba ambayo ukiipokea unatokwa damu (hii ya damu ilishawahi kuwatia kiwewe watu Pakistani 2007, sio yetu hata). Watu wakazoea, wakawa wanapita tu. Siku admini kaweka onyo la maana kuhusu linki ya zawadi ya bando, ile ya bure ya GB kadhaa ukishaiweka namba na PIN, hakuna aliyelisoma. Mmoja kajaza PIN wakati onyo liko juu yake palepale.

kahawa_chungu

Swali fundi, kwa hiyo ile ya I love you ya zamani nayo ilikuwa uzushi? Maana mzee wangu alikuwa ofisini miaka hiyo anaisimulia mpaka leo.

Fundi_Ngamiani

Hapana ile ilikuwa kweli tupu, mzee yuko sawa. Mei 2000, ilitokea Ufilipino, inakuja imeili kutoka kwa mtu unayemjua na faili linaloonekana kama barua ya maandishi lakini mwishoni kabisa lina .vbs, ukilifungua linaharibu picha zako na linajituma lenyewe kwa kila aliyemo kwenye anwani zako. Mwaka mmoja kabla kulikuwa na Melissa, nayo ilikuwa inajituma kwa majina 50 ya mwanzo. Angalia tofauti yake na Good Times, hizi hazikumuomba mtu asambaze. Zilisambaa zenyewe.

binti_chumbageni

Mie naomba ushauri wa kijamii sio wa kompyuta jamani. Anayetuma hizi kwenye grupu la familia ni mama mkwe. Kila asubuhi ikishapita dua inafuata virusi. Nikimsahihisha pale mbele ya mawifi nimekwisha, nikinyamaza mume wangu anakuja na simu ati futa picha zote mama kasema kuna kirusi cha picha.

shemeji_wa_wote

Wee ukimjibu kwenye grupu umejitafutia, mawifi watakuita msomi mpaka shughuli ya mwisho 😂😂

Mkonge_Original

Mpigie. Usiandike. Maandishi yanapigwa picha yanahamishwa.

Fundi_Ngamiani

Dada hapo na mie naungana na mkuu, piga simu, na usimwambie ni uongo. Shikamoo mama, umeamkaje, mguu unaendeleaje, kisha mwambie ile meseji nimeiona nikamuuliza fundi, kasema hiyo ni ya zamani imeshapita, simu zetu hazina neno. Basi. Yeye katuma kwa sababu anawajali na wazushi wanajua hilo, ndio maana meseji zao hazisemi tuma kwa adui yako. Halafu muonyeshe siku mkikutana ile alama ya mishale miwili inayotokea juu ya meseji iliyofowadiwa mara nyingi. WhatsApp waliiweka 2019, na tangu Aprili 2020 yenye alama hiyo huwezi kuituma zaidi ya sehemu moja kwa mpigo, wenyewe waliona mambo yamezidi. Muombe ikija ya mishale miwili akuletee wewe kwanza umuangalizie. Ukishaipata chukua maneno machache ya katikati yake uyaweke Google uongeze neno uzushi, nyingi zinatoka hapohapo na miaka yake. Kwa Kiswahili wapo JamiiCheck na Nukta Fakti wanachambua habari za kuzushwa, na maonyo ya kweli ya kiusalama hapa nchini yanatolewa na TZ-CERT walio chini ya TCRA. Yao yakisoma utasinzia, hayana hata alama moja ya mshangao.

binti_chumbageni

Hiyo ya kuniletea mie kwanza nimeipenda, atajiona ananipa kazi. Asante kaka.

mwl_wa_Pongwe

Kwetu shuleni tatizo limegeuka. Walimu wameshasikia virusi ni uzushi basi hakuna anayeogopa kitu. Fleshi inaenda mjini kuchapisha mitihani, inarudi mafolda yote yamekuwa shotkati, yana kamshale pembeni. Mwenzangu juzi kafungua kaona mtihani wa kidato cha pili haupo, kapandwa na hasira kafomati fleshi. Ikabidi atunge upya usiku.

Fundi_Ngamiani

Dah, inauma maana mtihani ulikuwemo. Hicho ni kirusi cha kweli na kinapatikana Tanga nzima, hakifuti mafaili, kinayaficha halafu kinaweka shotkati mahali pake, na wewe ukiibofya ndio unakikaribisha kwenye laptopu. Msiibofye. Fungua cmd, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri kwenye Windows, angalia fleshi imepewa herufi gani, tuseme E, andika hivi

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

bonyeza Enter uiache imalize. Mafolda yanajitokeza, mara nyingine yanakuwa ndani ya folda lisilo na jina. Nakili kazi zako tu, zile shotkati na mafaili usiyoyajua yaache hukohuko, skani, ndipo ufomati sasa. Windows kuanzia ya 8 inakuja na antivairasi yake inaitwa Defender, bure, mradi msiizime na iwe inaapdetiwa, hamna haja ya kununua antivairasi ya kuchomwa kwenye sidii. Na fleshi ya kwenda kuchapia iwe na hilo faili moja tu, vya nyumbani viache nyumbani.

mwl_wa_Pongwe

Hiyo amri naichapa naibandika stafurumu. Ubarikiwe.

kahawa_chungu

Faili ukilitilia shaka kuna VirusTotal pia, ni ya Google, unalipandisha pale linapimwa na antivairasi kibao kwa pamoja, hata linki inapima. Ila msipandishe mitihani huko maana mafaili yake wengine wanaweza kuyaona.

chuda_leo

Jamani samahani kuingilia, naomba msaada wa haraka. Mdogo wangu katumiwa kadi ya mchango wa harusi WhatsApp, kabonyeza, ikaomba kuinstoliwa akakubali, ikaomba kusoma meseji akakubali. Kadi haikufunguka na apu yenyewe haionekani tena. Nimemwambia itakuwa kirusi ananijibu si umenisomea mwenyewe uzi wa fundi kwamba hizo ni uzushi.

Fundi_Ngamiani

Hii sio uzushi, hii ndio yenyewe. Kadi ya harusi ni picha au PDF, haiinstoliwi. Angalia jina la hilo faili mwishoni utakuta .apk, yaani ni programu ya Android.

Azime data na waifai sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hapa. Hiyo apu inasoma meseji za kuthibitisha za benki na za pesa za kwenye simu. Chukua simu nyingine mpigie huduma kwa wateja wa mtandao wake wamfungie akaunti ya pesa kwa muda, benki hivyohivyo kama anayo. Ukimaliza ingia setingi, sehemu ya apu, fungua orodha yote usiangalie menyu ya mbele, tafuta iliyoingia leo. PIN na maneno ya siri abadilishe kutoka kwenye simu nyingine sio hiyo.

chuda_leo

Data kazima. Huduma kwa wateja wamepokea wanamuuliza namba ya NIDA. Apu nimeiona, haina jina, ina kile kijiroboti cha kijani tu. Kitufe cha kuondoa kimefifia hakibonyezeki.

Fundi_Ngamiani

Ndio hiyo. Kimefifia kwa sababu imejipa usimamizi wa simu. Rudi setingi za usalama utafute wasimamizi wa kifaa, iondolee tiki pale, rudi kwenye apu uiondoe. Ikigoma washa simu kwa sefu modi, ambapo apu za kuongezwa haziwaki, urudie. Ikigoma tena asubuhi mapema mlete ofisini, njiani asiwashe data, na aje na chaja. Namba iliyotuma hiyo kadi iripotini 15040. Anamjua aliyemtumia?

chuda_leo

Ni namba ya shemeji yetu wa Muheza. Nimempigia sasa hivi, anasema hajatuma kadi ya mtu yeyote na yeye jana kaletewa hiyohiyo.

Fundi_Ngamiani

Alijaribu kuifungua?

chuda_leo

Ndio.

Fundi_Ngamiani

Basi mrudie umpigie tena, na yeye azime data.